Mzee Wangu, Stenti Yake, na Mkwe Aliyekataliwa na Damu

Umewahi kuona wazee wazima, wenye kofia na bakora, wamezunguka simu moja ya mkononi wakimbembeleza daktari msichana aruhusu mwenzao atafune kijiti kimoja tu cha miraa?

Mimi nimeona. Kwangu sebuleni, hapa Kiwanjani, Isiolo. Wamekalia viti vyangu vya vitambaa vya kufuma, tena wengine na matope ya barabarani.

Chanzo cha yote ni kawaya. Kawaya kadogo, kakianguka kwa sufuria ya githeri hukaoni tena.

Wacha nieleze polepole. Najua wengine mnasoma mkiwa kazini.

Mzee wangu anaitwa Gitobu. Mmeru wa Igembe, na tangu nimjue kazi yake ni miraa. Gari likiteremka mchana kutoka Maua, yeye ndiye wa kwanza kulipokea. Mfumbe macho, mpe kijiti kimoja, atatafuna kidogo halafu akwambie kimetoka shamba la nani, na kama mwenye shamba anaelewana na bibi yake.

Mwaka jana, akiwa pale kibandani akitukana dereva aliyechelewesha mzigo, kifua kikambana.

Jasho likatiririka. Mkono wa kushoto ukafa ganzi.

Dereva alidhani ni ujanja wa kukataa mzigo, akaendelea kumrudishia matusi. Mpaka mzee akakaa chini bila kuchagua mahali. Hapo hata dereva akajua leo si leo.

Tukamkimbiza hospitali. Wakasema, mpelekeni mbele. Mbele wakasema, mpelekeni mbele zaidi. Tukajikuta Nairobi.

Huko wakapitisha uzi kwenye mkono wake, ukapanda ndani kwa ndani hadi moyoni, wakakuta mshipa umeziba. Wakaweka stenti.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Unajua ile springi ya ndani ya kalamu ya biro? Basi hiyo hiyo, lakini ndogo ya kukutia aibu. Inashikilia kuta za mshipa zisianguke, damu ipite.

Mzee akapona. Namshukuru Mungu.

Na hapo ndipo taabu zangu zilipoanza.

Maana mwanamume alienda Nairobi na moyo, akarudi na cheo.

Kuchota maji? "Mama Kiende, unataka hii chuma ihame?"

Kufunga ng'ombe? "Daktari alisema nisiinamie vitu vya hasira."

Ukimuuliza swali asilolitaka, mkono unapanda kifuani polepole, macho yanafumba, na wewe unabaki umesimama kama muuaji.

Watu walikuja kumwona makundi makundi. Fundi wa magari akauliza kama hiyo stenti ni ya Japani au ya China. Gitobu akamjibu, "Ya Ujerumani." Nani alimwambia? Hakuna. Kinyozi alikataa kumnyoa kwa mashine, ati stima itashikana na moyo. Kanisani akapewa kiti cha mbele, na mchungaji akisema "simameni," yeye anabaki amekaa, anaangalia wengine wakisimama kama mtu anayekagua gwaride.

Jirani yangu Leila, yule mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia, alikuja na kibuyu kizima.

"Asalaam aleikum. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa ni mimi," nikamwambia. "Yeye ni waziri."

Leila alicheka hadi shuka ikamtoka kichwani.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo maneno yenyewe yanaanza.

Kliniki yetu ilikuwa Meru, kwa daktari mmoja kijana anaitwa Wanjiru. Mwembamba, mpole, lakini akikutazama unaanza kukumbuka dhambi zako. Siku moja akapima damu ya mzee, akakunja uso.

"Mzee, moto wa ndani uko juu."

"Moto gani tena?"

Daktari akachukua muda wake kueleza. Akasema mwili haujui kwamba ile stenti imekuja kusaidia. Mwili unaona kitu kigeni kimeingia usiku bila kubisha. Unatuma askari. Askari wanafika, wanafanya fujo pale mahali, panavimba. Kidogo ni kawaida. Kunatulia, halafu nyama laini inaota juu ya chuma, inakifunika, kinakuwa kama kitu chako ulichozaliwa nacho.

"Lakini askari wakikataa kutulia," akasema, "uvimbe unaendelea, na ile njia tuliyofungua inaweza kuziba tena. Ndiyo maana nimekupa tembe za kulainisha damu na za kutuliza huo moto. Kila siku. Usiruke hata moja."

"Sawa daktari."

"Na miraa, hapana. Inakimbiza moyo na kubana mishipa."

"Hapana kabisa?"

"Kabisa."

"Hata Jumapili?"

"Mzee, moyo wako haujui Jumapili."

Mimi nilielewa maramoja. Niliingia boma la mama yake Gitobu kama stenti. Nilikuja kusaidia, nikapokelewa na askari. Mama mkwe alivimba juu yangu miaka na miaka, mpaka siku moja akasahau kwamba sikuzaliwa pale, akaanza kunituma chumvi.

Lakini Gitobu katika maelezo yote alisikia neno moja tu.

*Kitu kigeni.*

Akalishika. Akalibeba mpaka Isiolo kama zawadi.

Kwa nini? Kwa sababu ya Ekitela.

Ekitela ni kijana Mturkana. Ana pikapu, anapeleka unga na sukari Merti, anarudi na mbuzi. Mrefu, akiingia kwako unainua kichwa kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Na alikuwa anampenda kitinda mimba wangu, Kiende, mwalimu wa nasari. Kiende naye akisikia mlio wa ile pikapu, chapati zinaungua.

Gitobu alipoambiwa, alijiweka sawa kwenye kiti. Halafu akasema kwa sauti ya upole ambayo hanisemeshi nayo hata mimi:

"Mimi sina ukabila. Jueni hivyo. Hata rafiki zangu ni Waturkana."

"Nani?" nikamuuliza.

"Wako."

"Taja mmoja."

Mkono ukapanda kifuani.

"Shida si mimi," akasema amefumba macho. "Shida ni damu. Daktari alisema wazi, damu yangu inawaka ikiona kitu kigeni. Si ulikuwa hapo?"

Jamani! Nimeishi na huyu mtu nikidhani nimeona ujanja wake wote.

Mara ya kwanza watu wa Ekitela walipokuja kubisha hodi, mzee aliguna, akapelekwa kulala. Wageni wakanywa chai wakaondoka. Mara ya pili waliteremsha hadi mbuzi kwenye pikapu. Gitobu akachungulia dirishani, akawaona mbuzi, akawapenda, halafu akamwona Ekitela. Akaanza kuhema. Mbuzi wakapandishwa tena. Mbuzi mmoja alikataa kupanda, na mimi nilimwelewa kabisa.

Basi tukarudi kliniki. Daktari akapima.

Moto haujashuka. Umepanda.

"Unakunywa dawa?"

"Kama sala."

"Unakula nini?"

"Uji, daktari. Na matunda."

"Na miraa?"

Gitobu akamwangalia kama ametukanwa. "Daktari, neno lako kwangu ni amri. Ukisema kaa, nakaa. Ukisema simama, nasimama."

Daktari akabadilisha dawa. Akaniita kando. "Mama, sielewi. Dawa hizi kwa wengi zinafanya kazi. Kuna kitu kinamsumbua nyumbani?"

"Ni mimi peke yangu," nikasema, "na mimi alishanizoea."

Hakucheka. Akaniambia mambo yakiendelea hivi, ile njia itaziba, na safari hii huenda tusifike Nairobi.

Hapo hata mimi niliacha mzaha.

Gitobu naye alifika nyumbani anang'aa. Akamwita Kiende mbele yangu.

"Umesikia maneno ya daktari? Moto umepanda. Ni huyo kijana wako. Kila nikisikia pikapu, askari wanaamka. Kama unataka kunizika, niambie nichague suti."

Kiende alilia, mtoto wangu. Akanifuata jikoni.

"Mama, siwezi kuolewa nikimuua baba."

"Baba yako hafi kwa pikapu."

"Na siwezi kutoroka pia. Nikienda bila ncoolo kufunguliwa, nitakuwa nimeibwa. Watoto wangu wakija hapa watakaa kwa mlango kama wageni. Sitaki."

Kwa wasiojua, ncoolo ni kibunda cha heshima. Miraa ya miti mikongwe, imechaguliwa kijiti kwa kijiti, imefungwa kwa majani ya mgomba. Sisi Wameru, kijana akitaka binti, analeta ncoolo kwa baba. Baba akiifungua na kutafuna, amekubali, kilichobaki ni kuzungumza mbuzi. Ikirudi ilivyokuja, amekataa. Hakuna haja ya maneno. Hata matusi hayahitajiki.

Wiki hiyo mama yake Ekitela akatuma neno. Anaitwa Nakaale, mama wa shanga nyingi na maneno machache. Alisema watakuja mara moja zaidi. Kibunda kikirudi hakijaguswa, basi. Mbuzi wake si abiria.

Kwa hiyo yote yakabaki hapo. Gitobu atafune, Kiende aolewe. Gitobu asitafune, Kiende abaki kwangu akizeeka na kuunguza chapati bila sababu.

Na Gitobu hawezi kutafuna. Daktari amekataza.

Mzee alikuwa ameshinda. Nilimsikia bafuni akipiga mluzi wa nyimbo za harusi, na si kwa furaha ya harusi.

Siku ikafika. Ekitela alikuwa amepanda mwenyewe hadi Igembe kutafuta ncoolo. Mturkana kati ya wazee wa Kimeru, akiuliza mti mkongwe uko wapi! Alipata. Alikuja nayo asubuhi mapema ili ipumzike pahali pa baridi, wageni watakuja baada ya chakula cha mchana.

Nikaipokea. Nikaiweka ndani ya beseni, nikaifunika gunia lenye maji, nikaipeleka chumba cha nyuma, kile ambacho mzee hupumzika. Ndicho chenye baridi kuliko vyote.

Gitobu aliiona. Akageuza shingo upesi, kama mwanamume aliyekutana na mpenzi wake wa zamani sokoni akiwa na bibi.

"Toa hiyo kitu karibu na moyo wangu."

"Nitaitoa wageni wakija," nikasema. "Wewe pumzika tu. Usiangalie."

Nikafunga mlango, nikaenda kuchambua mchele.

Mchana wakaja. Upande wetu, Mzee Kaburu, ambaye ndiye huongea katika mambo kama haya, na Mzee Kiugu, ambaye huongea Kaburu akimaliza, na wengine wa kula. Upande wao, Nakaale, wajomba wawili, na Ekitela amekunja magoti hadi yanakaribia masikio.

"Habari za hapa," Kaburu akaanza.

"Njema. Ejok?" Gitobu akawasalimia wageni, anatabasamu kwa midomo iliyofungwa. Nikashangaa. Kwa Kiturkana! Mtu akijua atashinda huwa na adabu sana.

Wakala. Gitobu hakula, ati moyo. Akakataa hata chai.

Kaburu akaomba ncoolo. Nikaileta na beseni lake, nikaweka mezani. Kiende alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, ameshika kikapu cha mchele uliobaki.

"Gitobu," Kaburu akasema, "watoto hawa wameleta. Ni kazi yako."

Gitobu akaweka mkono kifuani. Akainamisha kichwa. Ukimwona hivyo ungedhani ni mtakatifu ukutani.

"Wazee wangu," akasema polepole, akiongea kwa pembe ya mdomo, "ningependa. Mungu anaona. Lakini mnajua hali yangu. Hii chuma. Neno la daktari ni amri. Basi... irudi tu, kwa heshima."

Nakaale akaweka kikombe chini.

"Huyu mzee anaumwa na moyo," akauliza, "ama anaumwa na Waturkana?"

Mjomba mmoja akakohoa.

"Ngoja," Kiugu akasema. "Kwani hawezi kutafuniwa?"

"Kutafuniwa?" Kaburu akamgeukia. "Ndoa inatafuniwa? Kesho utamsaidia pia kugombana na mkwe?"

"Basi arambe tu."

"Kiugu, hii si ice cream."

"Ichemshwe anywe supu!"

"Nyamaza kidogo, Kiugu, tukufikirie."

Wakabishana. Mmoja akasema kijiti kimoja hakiui mtu. Mwingine akasema inategemea ni kijiti cha nani. Mwisho Kaburu akagonga bakora chini.

"Huyo daktari ana simu?"

Gitobu akafurahi. "Mpigieni! Atawaambia mwenyewe."

Nikapiga. Nikaweka sauti kubwa, simu ikawekwa juu ya meza, kando ya ncoolo. Wazee wakainama wote, kofia zikagongana.

"Hallo? Mama Kiende? Mzee ana shida?"

"Daktari," Kaburu akasema, "hapa ni wazee. Tunataka kukuuliza jambo la heshima. Gitobu anaweza kutafuna kijiti kimoja?"

"Cha miraa? Hapana."

"Nusu?"

"Hapana."

"Na akitafuna bila kumeza?"

"Mzee, miraa huwa mnameza vijiti?"

Kaburu akajikuna. "Si vijiti, maji yake."

"Ndiyo hayo maji sitaki. Moto wa damu yake uko juu na sijui sababu. Simruhusu hata kunusa."

Gitobu akafungua mikono kama anasema, mmesikia wenyewe?

Nyuma ya mlango nikasikia Kiende akivuta pumzi. Ekitela akaanza kusimama. Alikuwa na uso wa mtu anayejikaza asilie mbele ya wajomba. Akanyoosha mkono kuchukua kibunda chake.

"Kijana, ngoja," Kaburu akasema. "Umeifuata hadi Igembe. Angalau tuione kwa macho. Tusikurudishe kama mtu aliyeleta majani ya mbuzi."

Akavuta beseni. Akashika kibunda. Vidole vyake vikafika kwenye kamba, vikasimama.

Akaigeuza. Akaangalia tena. Akavaa miwani.

"Ekitela, nani alifunga hii?"

"Wazee wa huko Igembe, baba."

"Hapana. Igembe hawafungi hivi." Akainua macho taratibu. "Hiki kifundo nakijua. Kimenipunja tangu niwe na meno yote."

Wacha niwaambie kitu ambacho soko lote la Isiolo linajua na halisemi. Wauza miraa wako na mtindo. Kibunda kikija, mtu anakilegeza, anachomoa vijiti vizuri vya katikati, anajazia jani, anakikaza upya kwa kifundo cha pekee ambacho kinafanya kilichokonda kionekane kimenona. Kila muuzaji ana kifundo chake. Mikono inakifunga yenyewe, hata mwenyewe hajui kama anafunga.

Kaburu akakata kamba. Majani ya mgomba yakafunguka.

Katikati palikuwa shimo, limejaziwa jani.

Sebule ikageuka yote kwa mara moja kumwangalia Gitobu.

Gitobu akaangalia dari.

"Gitobu," Kaburu akasema, "fungua mdomo."

"Mmh-mmh."

"Fungua."

"Mmmh!" Mkono kifuani. Macho yamefumbwa. Safari hii hakuna aliyemletea maji.

"Hallo?" Simu ikasema. Tulikuwa tumemsahau. "Bado mko? Kuna nini?"

"Daktari," nikasema kwa upole wangu wote, "mzee amekataa kufungua mdomo."

"Amekataa? Uso umelegea? Anaweza kuongea? Mzee Gitobu, ni Daktari Wanjiru. Fungua mdomo sasa hivi utoe ulimi!"

Na neno la daktari ni amri. Alikuwa amesema mbele ya wote.

Akafungua.

Weh!

Kijani. Ulimi kijani, meno kijani, na kwenye shavu kifurushi kimetulia kama kuku anayelalia mayai.

"Mnaona nini?" Daktari akauliza.

Kiugu ndiye aliyejibu. "Daktari, ni kama kiwanja cha shule mvua ikishanyesha."

Halafu sauti ikatoka ikiwa nyembamba kama sindano.

"Mzee Gitobu. Umekuwa ukitafuna muda huu wote?"

"Si kutafuna, daktari. Kuonja. Mimi ni mfanyabiashara. Nitauzia watu kitu sijaonja?"

"Na tembe?"

Akameza mate ya kijani. "Zinaua stimu ya miraa."

Sijawahi kusikia daktari mpole akipaza sauti vile. Alimwambia: mimi nimekesha na majibu ya damu yako, nimebadilisha dawa, nimeuliza wakubwa wangu, kumbe moto unauwasha mwenyewe kwa mikono yako! Ati damu inakataa vitu vigeni. Askari wa mwili watatulia vipi kama kila jioni unawapa miraa na kuwanyima dawa? Unataka hiyo stenti izibe ufe ukitabasamu?

Nakaale alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, kama yuko kanisani.

Mzee alilowa jasho. Lakini Gitobu ni Gitobu. Alipomaliza kukemewa, akajipangusa, akakaa vizuri.

"Sawa. Nimekosa. Mimi ni binadamu. Lakini hayo ni ya hospitali. Ya hapa ni yale yale. Sijakubali ndoa. Kibunda kirudi."

Hapo Mzee Kaburu akaanza kucheka. Alianza polepole tumboni, bakora ikatikisika, miwani ikaanguka.

"Kirudi vipi? Gitobu, ncoolo ya Kiende nani ameifungua?"

Gitobu akarudi kuangalia dari.

"Baba wa msichana. Nani ametafuna? Baba wa msichana. Tena bila kuombwa. Bila kusukumwa. Hata wageni hawajafika, yeye ameshaingia! Wazee, mimi nimekaa kwa mambo haya miaka mingi, nimeona baba wa kukubali kwa shingo upande, nimeona wa kukubali akilia. Sijawahi kuona aliyekubali kwa njaa hivi."

"Na ingali shavuni," Kiugu akaongeza. "Bado anaendelea kukubali!"

Gitobu akajaribu kutema. Kaburu akainua bakora. "Ukitema ni faini."

Nakaale akasimama, akapiga vigelegele vilivyopasua paa. Kiende akatoka jikoni mbio, kikapu kikaanguka, mchele ukatapakaa sebuleni, na Ekitela akasimama ghafla hadi akagonga kichwa kwenye taa.

"Hallo! Hallo!" Daktari akawa anapiga kelele mezani. "Nani amekufa?"

"Hakuna, daktari," nikamwambia. "Tumeoza."

Mbuzi waliteremshwa jioni ile, na safari hii hata yule mkaidi alishuka mwenyewe.

Sasa najua kuna mwerevu hapo chini ataniuliza kwa maandishi: Mama, mzee ni mgonjwa wa moyo, mbona uliweka miraa ya thamani vile chumba anacholala, ukafunga mlango?

Mwanangu, mimi ni mama mzee wa darasa la saba. Najua nini kuhusu kuhifadhi miraa? Niliambiwa pahali pa baridi.

Lakini na wewe nikuulize. Unadhani foronya za mzee huyu, zenye madoa ya kijani, zinafuliwa na nani? Niliyaona wiki ile ile baada ya kliniki. Ningesema, nani angeniamini? Angeshika kifua, na mimi ningekuwa mke mbaya anayemsingizia mgonjwa. Nilihitaji mashahidi wenye bakora. Tena alikuwa anatafuna kila siku hata hivyo. Nilitaka siku moja tu atafune mahali pa kumfaa mtu.

Siku hizi anakunywa tembe zake mbele ya Nakaale. Nakaale akija kutembea, anakaa mbele yake kimya, anaangalia mpaka koo lipande na kushuka. Kibanda ameachia mpwa wake. Ekitela ndiye humpeleka Meru kwa ile pikapu, na mara ya mwisho daktari akapima damu, akapima tena asiamini.

Moto umeshuka. Akasema inaonekana nyama imeanza kuifunika ile stenti vizuri, mwili umeikubali.

Njiani wakasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Askari akachungulia, akamuuliza mzee kwa dharau, "Huyu Mturkana ni dereva wako?"

Ekitela ndiye aliyenisimulia. Anasema mzee alivimba shingo, akateremsha kioo mpaka chini.

"Huyu ni mtoto wangu. Wewe ni wa nani?"

Lakini mzee akiwa kwa watu, anasema yeye ndiye alipanga kila kitu tangu mwanzo. Namwacha. Moyo wake hautaki fujo.

Funzo langu ni fupi. Ukiwekewa stenti, kunywa dawa zote, hata siku unayojisikia mzima. Miraa achana nayo. Daktari usimdanganye, maana damu itakusema. Na kama kweli unataka kumkataa mkwe, mkatae, ni haki yako.

Lakini mkatae ukiwa na mdomo mtupu.